Bila Bahasha ya Kaki

Safari hii hukubeba bahasha ya kaki.
Niliitafuta kwa macho tulipopanda treni pale Voi,
mazoea yana taabu,
nikaona mapajani mwako mkoba mdogo mwekundu:
wanja, karanga, na soksi zangu za sufi
ulizozifuma kwa hasira mwaka ule wa foleni.

Nairobi ya Julai ilitupokea imenuna.
Si mvua, si jua; manyunyu yasiyo na adabu
yanayoingia shingoni kama mkono wa mtoto mtundu.
"Kumbe huku kuna baridi hivi," ukasema,
nami nikacheka, maana tumefika mara kumi na moja
na hatujawahi kuiona hali ya hewa.
Tuliijua Nairobi ya korido,
ya dirisha namba sita, ya "subiri hapo, mama,"
ya viti vya plastiki vilivyofungwa minyororo
kana kwamba mgonjwa ana nguvu za kuiba kiti.

Sasa Kilimani. Mkahawa wa taa zinazoning'inia uchi,
kuta bila lipu, makusudi,
nawe ukaninong'oneza: "Hawa nao waliishiwa na saruji?"
Kahawa ikaja na moyo uliochorwa juu ya povu.
"Mwakio, bei hii ni debe la mahindi."
Lakini ulikizungusha kikombe usiuvunje ule moyo,
ukanywa pembeni pembeni,
hadi ukabaki chini, umepinda, mzima.
Sikusema neno.
Kuna mambo ukiyataja hukimbia.

Nje akapita mbwa aliyevaa sweta.
Mbwa, Wakesho! Sweta lenye vifungo!
Ndipo tukajitazama, na nguo zetu za Voi.
Soko la Toi ukachagua koti la mtumba
la jitu fulani la ng'ambo; mfukoni
tukakuta tiketi ya sinema na ganda la peremende.
"Naye alitoka na mtu wake," ukasema.
Mkono mmoja ukavaa wewe, mmoja mimi,
tukapanda barabara ya Ngong kama mdudu wa miguu minne,
watu wakitupisha.

Usiku heta ya chumba ilikataa kuwaka.
Kijana wa mapokezi akaleta chupa mbili za maji moto,
akatupa pole kana kwamba tumefiwa.
Ukavua kilemba.
Nywele zimerudi, fupi, ngumu,
na mvi ambazo hazikuwapo zilipoondoka.
Nikaweka shavu langu pale, zikanichoma.
Wewe ukanibandika miguu ya barafu kwenye miundi,
nikapiga yowe, jirani akagonga ukuta,
tukajificha chini ya blanketi tukicheka
kama wanafunzi wa bweni taa zikishazimwa.
Miaka ishirini na mitatu ya ndoa.
Kugongewa ukuta! Nilijiona tajiri.

Jumapili dereva wa teksi alikwepa msongamano
akapitia njia ya hospitali bila kutuuliza.
Ukafuta ukungu wa kioo kwa kiganja,
ukahesabu ghorofa, ukaishia ya saba.
"Pale," ukasema.
"Pale dirishani nilikuwa nakupangia
nani atakupikia."
Dereva akauliza kama tunasikia baridi,
apandishe kioo.
Kioo kilikuwa kimepanda.
"Ulimpata nani?" nikauliza baadaye sana, tayari tuko stesheni.
"Hakuna. Wote wanatia chumvi nyingi."

Ukalala kabla hatujavuka Athi,
mdomo wazi, kichwa kizito begani mwangu,
nami sikujisogeza hadi mkono ukafa ganzi.
Risiti ya ile kahawa niliitia mfukoni mwa koti,
ikae na tiketi ya yule mgeni.

Voi ikatufungulia mlango wa tanuri.
Wabeba mizigo walikuwa vifua wazi.
Ukashuka na koti lako hadi magotini,
jasho likikutiririka kwenye mahekalu ya uso.
Livue basi, nikakwambia.
"Ngoja kidogo," ukasema,
ukafunga na kifungo cha juu.